Koa wa Bahari Kajitokeza Kwenye Tangi Lako: Namna ya Kumtambua Hatua kwa Hatua

Anayefuga samaki wa maji chumvi Tanga ana jambo moja ambalo mfugaji wa Dodoma hana: bahari iko jirani. Maji anachota mwenyewe Raskazone yakiwa yamejaa, mwani anapewa na wakulima wa pwani, na jiwe lililoota sifongo na majani analiweka tangini likiwa bado bichi. Ndiyo maana tangi la huku huwa na viumbe wengi kuliko mwenyewe anavyojua. Yai la koa ni dogo mno kuonekana likiwa peke yake, na koa mchanga ana urefu wa milimita moja au mbili. Hujificha kwenye tundu la jiwe, hula, hukua, na usiku mmoja unawasha taa unakuta kitu laini kinatambaa kwenye kioo cha mbele. Hakina gamba, kina pembe mbili kichwani, na hukumbuki kukiweka.

Hapo maswali huwa mawili: ni nani huyu, na je, nimtoe? Mwongozo huu unashughulika na la kwanza, kwa sababu ukilijibu sawasawa la pili halikusumbui tena. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: kwa koa wa bahari, tafuta chakula kabla ya jina. Hakuna mnyama wa tangini mchaguzi wa chakula kumzidi. Wapo wanaokula aina moja tu ya sifongo maisha yao yote, na wapo wasiogusa chochote isipokuwa aina moja ya matumbawe. Ukijua anakula nini, umeshajua kundi lake, hatari yake kwa wenzake, na kama wiki ijayo atakuwa hai. Rangi, ambayo ndiyo watu huikimbilia, iache iwe ushahidi wa mwisho.

Hatua ya kwanza: usimguse, mwangalie

Usimng'oe kwa papara, na usimshike kwa vidole. Ngozi yake ni laini mno na huchanika. Baadhi ya makoa hutoa sumu wakibughudhiwa, wengine hutoa asidi ya salfuriki kwenye ngozi. Lakini sababu kubwa ni kwamba mahali alipo ni ushahidi, na ukimwondoa umeuharibu.

Andika saa, jiwe alilokuwepo, na hasa kitu alichokalia. Koa aliye juu ya sifongo ya manjano iliyokuwa nzima wiki iliyopita na sasa ina kovu la kuliwa ameshajieleza. Aliye kwenye kioo mchana kutwa, karibu na uso wa maji, huenda anatafuta chakula ambacho hakipo. Mtazame kwa robo saa: anasimama wapi, anainamisha kichwa wapi, anapita nini bila kukigusa.

Wakati huohuo funika mdomo wa pampu kwa kipande cha sponji ya chujio. Makoa wengi hufa kwa kuvutwa na pampu, na koa mwenye sumu akisagwa humo huwaua na samaki.

Wawili tu ndio wa kuhamishiwa chombo kingine mara moja, bila kusubiri: mwenye vinundu vigumu mgongoni asiye na matamvua (viungo vya kupumulia) yanayoonekana, na sungura wa bahari mkubwa aliyesogea karibu na pampu. Sababu zao ziko mbele.

Hatua ya pili: picha zinazosaidia

Picha moja iliyopigwa kupitia kioo chenye ukungu haimsaidii mtu yeyote. Tafuta bakuli la kioo au kontena la plastiki lisilo na rangi, rula, brashi laini ya kuchorea, na bomba kubwa la sindano lisilo na sindano yake, linalopatikana duka lolote la dawa. Jaza bakuli maji ya tangi lenyewe. Maji ya bomba yatamuua, na maji mapya ya bahari yanaweza kutofautiana chumvi na joto na yale aliyozoea. Mvute koa polepole kwa bomba au msukume kwa brashi aingie bakulini. Kwa joto la Tanga bakuli dogo hupata moto upesi, kwa hiyo fanya kazi ndani ya dakika kumi hivi, kivulini, kisha mrudishe.

Kwanza mwache atulie. Koa aliyejikunja hana umbo, na picha yake haifai kitu. Atakapoanza kutambaa mwili hunyooka, pembe husimama, matamvua hufunguka. Hapo ndipo piga: kutoka juu akiwa na rula pembeni, kutoka ubavuni wa kulia, kichwa kwa karibu, na sehemu ya nyuma ya mgongo kwa karibu. Akipanda ukuta wa bakuli, piga kwa upande wa pili ili unyayo na mdomo vionekane. Ubavu wa kulia una sababu yake, kwa kuwa kuna kundi zima linaloficha tamvua hapo.

Taa itoke pembeni, si mwanga wa simu uliopigwa usoni kwake, maana ute wake hung'aa ukafuta kila kitu. Weka karatasi nyeusi chini ya bakuli kwa koa mweupe, na nyeupe kwa koa mweusi. Ukitaka kumwona akila usiku, funga kioo cha tochi kwa plastiki nyekundu. Viumbe wengi wa aina hii hawasumbuliwi sana na mwanga mwekundu, na makoa wengi hutoka gizani tu.

Hatua ya tatu: hakikisha ni koa kweli

Nusu ya picha ninazoonyeshwa si za koa. Anayechanganya zaidi ni mnyoo bapa. Huyu ni mwembamba kupita kiasi, kingo zake huchezacheza anapokwenda, na hana matamvua popote. Kinachoonekana kuwa pembe ni mikunjo miwili ya ukingo wa mbele, wakati pembe za koa ni viungo kamili vilivyosimama juu ya kichwa, na mara nyingi vina vikunjo vidogovidogo. Kuna minyoo bapa inayoiga rangi za makoa wenye sumu kwa ukamilifu wa kushangaza, kwa hiyo angalia unene na pembe, si madoadoa. Vijidude vidogo vya rangi ya kutu, milimita chache, vilivyojaa kioo kizima na vyenye mikia miwili mitatu nyuma, navyo si makoa; wafugaji huviita minyoo bapa.

Konokono wa jenasi ya Stomatella hudanganya kwa sababu gamba lake ni dogo na limelala nyuma ya mwili mkubwa. Hana madhara, anakula majani ya kioo, na akishikwa huweza kukata kipande cha mkia akakimbia. Kauri naye hufunika gamba lake lote kwa ngozi. Mguse kidogo, ngozi itarudi nyuma na gamba linalong'aa litatokea. Scutus, konokono mwingine, ni mweusi, mnene, na ana gamba jeupe lililofichwa mgongoni. Chitoni ana sahani nane mgongoni. Na kama umechukua jiwe la karibu na mikoko, huenda umebeba Peronia, koa wa kijivu mwenye vinundu ambaye hupumua hewa. Huyo hupanda nje ya maji na kukaa ukingoni mwa tangi. Mrudishe kwenye miamba ya pwani, tangini hapamfai.

Hatua ya nne: tafuta matamvua

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Acha rangi, uliza: anapumulia wapi, na mgongoni ana nini?

*Ana shada la matamvua mgongoni, karibu na mkia.* Huyu ni wa kundi la doridi. Shada huzunguka tundu la haja. Ukimgusa kidogo kwa ncha ya brashi, wengi huyazamisha matamvua ndani ya mfuko wa ngozi, kisha huyatoa taratibu akiona pametulia. Fanya hivyo mara moja tu, inatosha. Wengi wao hula sifongo, na kila aina ina sifongo yake. Humu wamo wazuri wenye mistari, akina Chromodoris, Goniobranchus na Hypselodoris, na yule mkubwa mwekundu, Hexabranchus, anayeogelea kwa kupeperusha kingo za mwili na kufikia sentimita 40 na zaidi. Kwa tangi la nyumbani habari zao ni za huzuni. Sifongo iliyokuja na jiwe ikiisha, koa hupungua mwili siku hadi siku mpaka anakufa. Hakuna chakula cha dukani kinachochukua nafasi yake.

*Ana vinundu vigumu, na mgongoni hakuna matamvua.* Mgeuze kupitia kioo: matamvua yamejipanga chini ya ukingo wa mwili. Huyu ni Phyllidia au ndugu yake, mweusi mwenye vinundu vya manjano, bluu au waridi. Mhamishe. Mwaka 1963 mtafiti R. E. Johannes aliandika jinsi Phyllidia varicosa anavyotoa sumu inayoua samaki na wanyama wa jamii ya kaa waliomo naye kwenye maji yasiyobadilika. Baharini sumu hiyo husambaa, lakini kwenye tangi la lita 100 inabaki humohumo. Sumu yenyewe huipata kwenye sifongo anazokula.

*Mgongo umejaa vidole.* Hawa ni eolidi. Vidole hivyo ndivyo wanavyopumulia, na ndani ya kila kimoja hupita tawi la utumbo, ndiyo maana rangi ya chakula huonekana ndani yake. Hula wanyama wanaochoma: haidroidi, anemoni, matumbawe. Vichomi vya mawindo huvihifadhi vikiwa vizima kwenye ncha za vidole na kuvitumia kujilinda. Huyu ndiye wa kumchunguza kuliko wote, kwa sababu ndani ya kundi hili yumo rafiki na yumo adui. Rafiki ni Berghia stephanieae, asili yake maji ya Florida, ambaye hula anemoni wasumbufu wa jenasi ya Aiptasia peke yao. Wafugaji humnunua kwa kazi hiyo, hivyo haji mwenyewe kutoka bahari yetu. Adui ni Phestilla. Wapo wanaokula matumbawe ya Porites, wapo wa Tubastraea, na yupo mdogo mweupe wa Montipora ambaye alisumbua matangi ya watu kwa miaka mingi bila jina, hadi mwaka 2020 alipoelezwa rasmi kuwa Phestilla subodiosa. Kumbuka pia Glaucus, mdogo wa bluu anayeelea baharini na kula viumbe wachomao vikali. Akisukumwa ufukweni wakati wa upepo, usimwokote kwa mkono na usimlete nyumbani.

*Ana mbawa mbili zilizokunjwa mgongoni, mara nyingi wa kijani.* Huyu ni mnyonya utomvu wa mwani, wa jenasi ya Elysia au Thuridilla. Ulimi wake una safu moja ya meno. Hutoboa seli ya mwani na kufyonza kilichomo, na baadhi yao huzihifadhi kloroplasti za mwani (chembe za kijani zinazotengeneza chakula kwa mwanga) mwilini zikiendelea kufanya kazi. Elysia chlorotica wa Marekani amejulikana kukaa miezi mingi hivyo bila kula. Wengi wa kwetu hawawezi muda huo, wanahitaji mwani wao: Bryopsis, Caulerpa, Codium au Halimeda, kutegemea aina. Hawadhuru samaki wala matumbawe.

*Ni mnene, ana pembe mbili ndefu na papasi mbili pana mdomoni.* Huyu ni sungura wa bahari. Kwenye majani ya bahari ya huku anayepatikana kirahisi ni Dolabella auricularia, kijani chenye hudhurungi, mbele mwembamba, nyuma amekatika kwa mshazari kukabaki kisahani bapa. Hufika sentimita 40. Yupo pia Stylocheilus, mdogo, mwenye mistari myembamba na vidoa vya bluu, anayependa sianobakteria zile nyekundu zinazotanda kama blanketi juu ya mchanga. Wote ni walaji wa mimea na ni wafanyakazi hodari. Tatizo lao ni wino. Wanawake wanaochokoa pweza maji yakipwa wanamjua vizuri. Nilisimama Sahare nikimchungulia mmoja kwenye kidimbwi, bibi mmoja aliyekuwa akipita na kijiti chake baada ya kuitikia shikamoo yangu akasema tu, "Muache huyo mwanangu, atakumwagia zambarau, hiyo nguo hutaivaa tena." Tangini wino mwingi huwalevya samaki. Akimwaga, hamisha koa, badilisha theluthi moja ya maji, weka kaboni mpya kwenye chujio, na ongeza pampu ya hewa.

Kuhusu Dolabella kuna habari ambayo naona kila mfugaji anastahili kuijua. Kutoka mwilini mwake wanasayansi walipata kemikali iitwayo dolastatini 10, iliyotangazwa mwaka 1987, na kemikali iliyotengenezwa kwa kuifuata imo kwenye dawa ya saratani ya limfoma iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011. Baadaye ikagundulika kwamba mtengenezaji halisi si koa bali sianobakteria anazokula.

*Kichwa ni bapa, hakina pembe zilizosimama.* Huyu ana ngao ya kichwa. Chelidonura, mweusi mwenye mistari ya bluu na mikia miwili, hula minyoo bapa, na ni wa kumshukuru kama una tatizo hilo. Haminoea ni wadogo wenye kigamba chepesi, hula utando wa majani, na wanaweza kuzaana hadi wakajaa.

*Ana tamvua moja tu, ubavuni kulia, chini ya pindo la mwili.* Ni jamii ya Pleurobranchus na Berthella. Hawa ndio wenye asidi. Jirani yao mmoja, Pleurobranchaea maculata wa New Zealand, alikutwa mwaka 2009 na tetrodotoksini, sumu ileile ya bunju, baada ya mbwa kufa kwenye fukwe za Auckland. Sababu ya kutogusa kwa mkono mtupu naona imetosha.

Hatua ya tano: soma mayai na alama za kuliwa

Karibu kila koa ana jinsia zote mbili, na wengi huhifadhi mbegu za mwenzao kwa muda baada ya kukutana. Kwa hiyo hata koa mmoja aliye peke yake anaweza kukutagia mayai kwenye kioo, na mayai ni ushahidi mzuri sana. Sungura wa bahari hutaga nyuzi ndefu zilizosokotana. Doridi hutaga utepe mpana uliosimama kwa ukingo na kujizungusha. Elysia hutaga uzi uliolala bapa ukizunguka kutoka katikati, na mara nyingine una mstari wa rangi ya chungwa au manjano ndani yake. Eolidi hutaga uzi mwembamba wenye mawimbi, au, kwa wale wala matumbawe, vifungu vidogo vyeupe vilivyobandikwa chini ya tumbawe ambako huoni mpaka uligeuze.

Alama za kuliwa nazo husomeka. Tumbawe gumu lenye doa jeupe safi, mifupa ikiwa wazi na ukingo uliochongoka, limeliwa. Lililofifia rangi kote polepole lina shida ya maji au taa. Sifongo iliyoliwa ina shimo au mfereji.

Nikueleze moja kwa ukamilifu ili uone hatua zinavyoungana. Kwenye tangi langu kulitokea koa wa kijani wa sentimita mbili hivi, baada ya kuweka tonge la mwani lililochanganyika na Bryopsis. Pembe alikuwa nazo, zimekunjwa kwa urefu. Shada la matamvua halikuwepo, wala vidole. Mgongoni palikuwa na mbawa mbili, ukingo wake una mstari mwembamba mweusi na ndani yake wa chungwa, na mwili mzima umenyunyiziwa vidoa vyeupe na vyeusi. Mpaka hapo ni Elysia, na mtu angeweza kuishia hapo. Lakini kilichonithibitishia ni kumtazama akila. Alishika unyoya mmoja wa Bryopsis kwa mdomo, akaganda papo hapo, na rangi ya kijani ikaanza kusogea ndani ya unyoya kuelekea kichwani kwake. Baada ya muda ukabaki ukuta mtupu unaopitisha mwanga, akahamia wa pili. Elysia ornata hula Bryopsis, na ana pindo hilohilo jeusi na la chungwa. Chakula na umbo vilikubaliana, rangi ikaja kutia muhuri.

Hatua ya sita: sasa tafuta jina

Ukiwa na kundi na chakula, jina halisumbui. Pakia picha zako kwenye iNaturalist, tovuti ya kutambua viumbe, andika "Tanga", na weka zote, si ile nzuri peke yake. Eleza alikuwa amekaa juu ya nini. Wapo wataalamu wanaopitia picha za Bahari ya Hindi magharibi, na maelezo hayo huwapa zaidi ya rangi. Jina ukilipata, lihakiki kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe wa bahari, WoRMS, kwa kuwa majina ya makoa yamebadilika sana miaka ya karibuni na kitabu cha zamani kitakupa jina lililoachwa.

Pwani yetu ina historia kwenye elimu hii. Sir Charles Eliot, kamishna wa Uingereza katika Afrika Mashariki hadi mwaka 1904, alikuwa mtaalamu wa makoa wa bahari, na alieleza aina nyingi kutoka Zanzibar na pwani. Chromodoris africana ni jina lake la mwaka 1904. Halgerda wasinensis, mweusi mwenye mistari ya manjano, ni la mwaka huohuo na limetoka kisiwa cha Wasini, pale juu kidogo ya mpaka wa Tanga na Kenya. Ukimpata mwenye mistari minene myeusi na pindo la chungwa, utababaika kati ya Chromodoris africana na Chromodoris quadricolor, maana wanafanana na wote wapo upande huu wa bahari. Usikeshe kwa hilo. Wote wawili ni walaji wa sifongo, wote watakufa njaa tangini, na uamuzi wako ni uleule. Kwa mfugaji, jenasi inatosha mara nyingi. Jina kamili ni la kumsaidia mtafiti, na ni vizuri kumsaidia, lakini koa wako hasubiri.

Hatua ya saba: abaki au aondoke

Elysia, Haminoea wachache na Stylocheilus wabaki maadamu chakula chao kipo. Chelidonura abaki hadi minyoo bapa iishe. Sungura mkubwa abaki kwa tangi kubwa lenye majani mengi, pampu zikiwa zimefunikwa, na majani yakiisha mpe mwani mbichi au mrudishe. Koa anayekonda, anayekaa juu kwenye ukingo wa maji bila kula, amekwisha kukupa jibu. Na kama alikuwa mkubwa, amekula vizuri, ametaga, kisha akafa, usijilaumu. Wengi wao hawamalizi mwaka hata baharini.

Doridi na Phyllidia warudi walikotoka, na upesi. Subiri maji yajae, mbebe kwenye kopo lenye maji ya tangi, litie kopo lote majini joto lilingane, ongeza maji ya bahari kidogokidogo, kisha mwachie kwenye jiwe, mbali na mdomo wa Sigi hasa wakati wa masika ambapo maji ya mto yasiyo na chumvi huipunguza chumvi ya bahari. Sharti moja lisivunjwe: anarudishwa baharini yule tu aliyetoka bahari hiihii, kwenye tangi ambalo halijachanganywa na matumbawe, mawe au wanyama walioagizwa. Koa mgeni, au aliyeishi na wageni, haendi baharini, wala hamwagwi mferejini. Mpe mfugaji mwingine mwenye chakula chake. Ikishindikana, mweke kwenye kopo la maji yake ndani ya friji mpaka asitikisike kabisa, ndipo umhamishie sehemu ya kugandisha.

Na kwa upande wa kuchukua: ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009, na kwenye maeneo tengefu ya visiwa vyetu, usichukue jiwe, tumbawe wala koa bila kibali. Miamba hii imepigwa baruti miaka mingi. Kilichobaki kinahitaji kuachwa. Jiwe kavu la ufukweni, lililokaa tangini miezi michache likaota vyake, linafaa vilevile.

Wala matumbawe ndio wanaotaka kazi. Toa kila tumbawe linaloshukiwa, lipeperushe kwa bomba la sindano ndani ya ndoo ya maji ya tangi ili makoa wadondoke, kisha lichovye kwenye dawa ya kuchovyea matumbawe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Dawa huua koa lakini haivunji yai. Mayai yakwangue kwa kisu kidogo au mswaki, pamoja na sehemu iliyokufa ya tumbawe, kwa sababu hutagwa kwenye mpaka wa kilicho hai na kilichokufa. Usitumie dawa zenye shaba ndani ya tangi, zitaua kila asiye na uti wa mgongo. Rudia uchovyaji kila baada ya siku sita au saba, tumbawe likikaa kwenye ndoo yake yenye pampu na taa, mpaka upate michovyo mitatu mfululizo isiyodondosha koa hata mmoja. Pseudocheilinus hexataenia, samaki mdogo wa mistari sita, husaidia kuwadonoa waliobaki maweni, ila usimtegemee peke yake.

Jiwe jipya, mwani mpya au tumbawe jipya likae kwenye ndoo ya karantini wiki nne kabla ya kuingia tangini, na usiku ulimulike kwa ile tochi nyekundu, upande wa chini kwanza.